Mkombozi aliyemkata bibi sikio: wanaoandika na kusoma hadithi za kubuni, njooni tuongee asili zinazogongana na Biblia ndani ya stori zetu

#1 MLETA UZI

Wakuu mwangaluka. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni.

Niko hapa Mwanza, Nyakato, mchana nashinda kwenye steshenari usiku ndo naandika. Kuna hadithi naitoa kwa episodi kwenye grupu la WhatsApp, mwaka wa pili sasa. Ni ya kubuni kabisa, ziwa letu limekauka na watu wamehamia chini, wanalima lile tope, wanazaliana humo na kuzikana humo, visiwa vyote vimegeuka milima, Ukerewe mlima, Saanane kilima, kwenda Ukara unapanda siku nzima. Na hili la kukauka sijaliokota hewani, wataalamu waliochimba mashapo ya chini wanasema ziwa lilishakauka miaka kama 15,000 au zaidi iliyopita halafu likajaa tena, na hata leo pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, kwa ziwa lenye upana ule ni kama sinia tu limewekwa juani.

Sasa mwezi huu nimebanwa na wasomaji pande mbili. Upande wa kwanza wanasema najichanganya, episodi ya 3 mzee mmoja anasema maji yaliondoka kwa sababu kuna binti alichota usiku wakati amekatazwa, episodi ya 9 mama muuza chumvi anasema maji hayakuondoka yalimezwa na mnyama na mnyama yupo hai, episodi ya 11 watoto wanaimba wimbo kwamba maji hayajawahi kuwepo ni uongo wa wakubwa. Wananiuliza mwandishi chagua moja, ipi ndo yenyewe? Upande wa pili ni mzito zaidi. Kuna kijana kwenye hadithi anaingia tumboni mwa yule mnyama kuwatoa watu, na wasomaji wawili wameniandikia inboksi kwamba nimemchukua Yesu nikambadilisha jina, hiyo ni kufuru, nitubu. Mmoja wao alikua msomaji wangu wa tangu mwanzo na katoka kwenye grupu. Limeniuma, sifichi.

Kwa hiyo nataka nijieleze vizuri na nisikie na nyie mnasemaje.

Mimi hiyo stori ya mnyama sijaitunga. Ni ya Masala Kulangwa, Wasukuma wote humu mnaijua. Shing'weng'we alimeza watu wote wa dunia na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito alijificha kwenye makapi. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yule mwepesi wa kuelewa. Mtoto akakua akauliza, mama mbona tupo wawili tu, wenzetu wako wapi? Akaambiwa. Akaanza kumsaka. Siku ya kwanza akaua panzi akarudi anaimba mama mama nimemuua Shing'weng'we, mama akamwambia mwanangu hilo ni panzi tu, tulichome tule. Kesho ndege, keshokutwa swala. Mpaka siku akakutana naye mwenyewe akamuua akampasua tumbo, watu wote wakatoka wazima.

Nimeisikia kwa watu wawili nikiwa mdogo. Bibi yangu kule Magu, na katekista wetu wakati wa mafundisho ya kipaimara. Katekista aliisimulia vizuri kweli, akafika pale watu wanatoka tumboni akasema mnaona watoto, huyu ni Kristo anavunja kuzimu, mauti imeshindwa, tukapiga makofi. Na yeye hakubuni, huku kwetu kanisa limefanya kazi kubwa ya kuzikutanisha hizi mila na Injili, nendeni Bujora pale Kisesa mkaone makumbusho aliyoanzisha Padri David Clement, Mkanada wa Mapadri Weupe, kanisa lenyewe limebeba alama za Kisukuma, na ile sherehe ya ngoma ya Bulabo ya mwezi wa sita imefungamana na sikukuu ya Ekaristi, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana siku ambayo Wakatoliki wanatembeza Mwili wa Kristo. Kwa hiyo ukiniambia mimi ndo wa kwanza kuchanganya umechelewa sana.

Ila bibi alikua anaendelea. Kwa bibi stori haiishii kwenye makofi. Masala Kulangwa wakati anapasua tumbo kisu kiliteleza kikamkata sikio kikongwe mmoja alikua ndani. Watu wote wanatoka wanashangilia, yule kikongwe anatoka anavuja damu, na anakasirika, na anataka kumloga aliyemuokoa. Nikamuuliza bibi kwa nini akasirike si kaokolewa? Bibi akaniambia, wewe ukiokolewa ukakatwa sikio utacheka?

Nina miaka thelathini na sita na hilo swali sijamaliza kulijibu. Na ndo maana naandika.

Ninachotaka kusema ni hiki wakuu. Katekista hakudanganya na bibi hakudanganya. Lakini stori ya asili ina mdomo unaoisimulia, na mdomo una haja yake, katekista alihitaji ushindi, bibi alihitaji tujue kwamba hata ushindi una mtu uliyemuumiza. Mwandishi akichagua moja afute nyingine, sikio ndo linakua la kwanza kufutwa, kila mara. Na hata Biblia yenyewe haikufanya hivyo, fungueni Mwanzo sura ya 1, mimea kwanza, wanyama wakafuata, mwisho mtu, mume na mke pamoja. Sura ya 2 mtu anafinyangwa kwanza kabla ya mche wowote wa kondeni, ndo inakuja bustani, ndo wanyama, mwanamke mwisho kabisa kutoka ubavuni. Waliovikusanya vile vitabu walikua wanajua kusoma. Wakaziacha zote mbili, ubavu kwa ubavu.

Karibuni. Mteja kaja kutoa kopi, nitarudi.

#2

Dada yangu nakusalimu kwa jina la Bwana. Nimesoma yote na nakujibu kwa upendo maana naona una moyo. Mwanzo 1 na 2 hazipingani, ya kwanza inatoa picha nzima ya pili inaingia ndani kueleza mtu alivyoumbwa, ni kama mtu akuambie nimejenga nyumba halafu akae akueleze chumba kimoja. Ukisema zinapingana unampa adui mlango. Pili, Yesu sio mhusika wa hadithi, mimi nilikua mlevi wa kulala mtaroni pale Mabatini na amenitoa, sasa nikisoma mtu kamgeuza kuwa kijana wa kupasua mnyama tumbo naona kama ananichukulia ushuhuda wangu anaufanya mchezo. Sijui kama unanielewa.

#3 MLETA UZI

Mtumishi nimekuelewa na nashukuru hukunitukana. Hilo la mtaroni nimelisoma mara mbili.

Kuhusu Mwanzo tuko mbalimbali kidogo tu, hata wewe umekubali ni simulizi mbili zenye kazi mbili, tofauti yetu ni wewe unaona chumba na nyumba mimi naona mashahidi wawili. Sitakulazimisha.

Hilo la pili ndo linanisumbua. Mimi sitaki kumuandika Yesu kwa jina jingine, na kama msomaji akiona ni Yesu kavalishwa kaniki tu basi nimeandika vibaya, huo ni uvivu, unachukua heshima ya watu kwa Bwana wao unaifanya ibebe mhusika ambae wewe mwenyewe hujamfanyia kazi. Nimeona waandishi wengi wa mtandaoni wanafanya hivyo, kijana kazaliwa kwenye banda, ana wafuasi kumi na wawili, mmoja anamsaliti kwa hela, anakufa siku tatu anarudi, basi, wanaita ubunifu. Mimi nachukua swali moja tu kutoka kwenye imani yangu, mtu akiokoa wote je kuna aliyeumia, halafu naliweka kwa watu wasiowahi kuisikia Injili nione watajibu nini. Ushuhuda wako siugusi mtumishi. Wewe mwenyewe nikikuuliza siku ulipotoka mtaroni hakuna kilichokatwa? Marafiki? Sikuulizi hapa ujibu.

#4

Wakuu uzi mtamu huu. Nipo Igoma, ngoja niongeze nyama kutoka kwa wazungu maana nao wamehangaika na hili hili mpaka wamezeeka nalo.

Tolkien kwenye The Lord of the Rings, 1954 na 1955, ana yale majeshi ya orc, tuyaite mazimwi. Swali yametoka wapi? Tolkien alikua Mkatoliki wa kweli kweli na imani yake inasema uovu hauwezi kuumba, Mungu peke yake ndo anaumba, na kwenye kitabu mhusika mkuu Frodo anasema hivyo hivyo, kile Kivuli kinaweza kudhihaki tu hakiwezi kutengeneza kitu kipya cha kwake. Sasa kama shetani haumbi mazimwi ni nani? Kwenye The Silmarillion iliyotoka 1977, mzee keshafariki 1973 mtoto wake Christopher ndo aliihariri, tunaambiwa ni wale watu wa kale wasiokufa walitekwa wakateswa wakaharibika. Lakini kwenye karatasi zake za nyuma kabisa yalikua yametengenezwa kwa tope na joto la ardhi, na kwenye maandishi ya uzeeni anajiuliza labda ni binadamu walioharibiwa, labda wengine ni wanyama tu waliofundishwa kuongea. Hakumaliza. Maana kila jibu linavunja kitu, yakitoka kwa watu basi yana roho, yana roho basi yanaweza kutubu, yanaweza kutubu basi mbona mashujaa wetu wanayachinja kama kuku na hakuna anayelia?

Na rafiki yake C. S. Lewis ndo kabisa. Kitabu chake cha 1950 cha nchi ya Narnia, The Lion, the Witch and the Wardrobe, yule mchawi mweupe anayeitawala nchi tunaambiwa na mzee Beaver, mnyama anayeongea, kwamba ni uzao wa Lilith mke wa kwanza wa Adamu, upande mmoja jini upande mwingine majitu. Kitabu cha 1955, The Magician's Nephew, tunamuona wenyewe kwa macho, ni malkia wa dunia nyingine iliyokufa, kaingizwa Narnia na watoto kwa bahati mbaya siku ile ile simba anaiimba nchi ikaumbika. Hakuna Lilith wala nini. Watu wanagombana mpaka leo wakitafuta namna ya kuziunganisha.

#5 MLETA UZI

Mkuu wa Igoma Mungu akubariki, hii ndo nilikua naitaka.

Ona hiyo ya Beaver. Watu wanagombana kwa sababu wanadhani aliyesema ni mwandishi. Aliyesema ni Beaver! Mwananchi wa kawaida, anakaa kwenye baridi miaka yote hiyo chini ya huyo mwanamke, hakuwepo siku anaingia, anawasimulia wageni kile watu wa mtaani kwake wanachosema. Na watu wanaokandamizwa wanamtafutia mkandamizaji wao asili mbaya, ni kawaida kabisa. Mimi sijui kama Lewis alikusudia au alibadili mawazo njiani, ila msomaji akiisoma hivyo haina haja ya kuungwa kwa gundi, kitabu kinakua kikubwa zaidi.

Na hili la Tolkien linanifariji sana. Amekwama kwa sababu anaiamini imani yake mpaka kwenye mazimwi. Mtu asiyeamini angesema shetani kayaumba, kwisha, twende vitani. Kwa hiyo mnaoniambia asili zangu kugongana ni dalili ya kutoheshimu dini, mwoneni huyo mzee.

Hata Milton, yule Mwingereza kipofu wa Paradise Lost, 1667, anafanya kitu kama hicho na zamani vile. Shetani anaambiwa na malaika mwenzake Abdieli kwamba sisi tumeumbwa, anamjibu nani aliona? Wewe unakumbuka siku uliyoumbwa? Hatukumbuki wakati ambao hatukuwepo, basi tumejizaa wenyewe. Ni stori ya asili ile, na inapingana na ya mbinguni yote, na ukiisikiliza unajua mara moja kwa nini yeye anaihitaji. Ukiumbwa una deni, ukijizaa huna.

#6

Mimi ni wa ng'ambo ya ziwa, nimezaliwa Masaka nimeolewa Kagera, naomba nami niweke ya kwetu. Kintu na Nambi, stori ya asili ya Waganda. Nambi ni binti wa Ggulu, mbinguni, kampenda Kintu mwenye ng'ombe mmoja, baba akawaruhusu akawaambia ondokeni alfajiri kimya kimya, mkisahau kitu msirudi, kaka yako Walumbe asije akawafuata. Walumbe ni kifo. Njiani wakakumbuka ulezi wa kuku. Nambi akarudi, Walumbe akafuata, ndo tunakufa. Ila wapo wanaosimulia aliyerudi ni Kintu! Na mimi nilivyokua nasikia, wanawake ndo walikua wanasema ni Kintu.

Shuleni mwalimu wa dini alituambia mnaona ni Adamu na Hawa hao, tunda ni ulezi. Tukakubali. Halafu kuna simulizi nyingine kabisa Kintu sio mtu wa kwanza, alikuta watu, akampiga mtawala nyoka anaitwa Bemba akachukua nchi. Sasa yupi Kintu wa kweli, baba wa watu wote au mvamizi?

Lakini kilichonifanya niandike ni mkombozi. Ggulu alimtuma mtoto mwingine, Kayikuzi, ashuke amkamate Walumbe amrudishe. Watu wakaambiwa wajifungie ndani wakae kimya wasipige kelele wakimuona. Watoto wakamuona wakapiga kelele, Walumbe akarudi shimoni Ttanda, Kayikuzi akachoka akarudi kwao juu. Mbinguni walituma mtu na akashindwa. Hiyo mwalimu wa dini hakutusimulia.

#7 MLETA UZI

Mama wa Kagera nimesoma hii nikaacha kupiga fotokopi, mteja akaniuliza kuna msiba?

Mkombozi aliyeshindwa kwa sababu watoto walipiga kelele. Sio kwa sababu ni dhaifu wala watu ni wabaya. Watoto wameona kifo wakapiga kelele, ni nani asingepiga? Mimi Mkristo nikiisikia hiyo nasikia Ijumaa Kuu isiyo na Jumapili. Na naelewa kwa nini mwalimu aliiacha, kwenye darasa lake haikua na pa kukaa. Ulezi ulikua na pa kukaa kwa sababu tunda lilishatangulia kutengeneza kiti.

Hapo ndo naona kosa letu tunaotumia Biblia kwenye hadithi za kubuni. Tunabeba kile tu ambacho kina kiti tayari. Mafuriko kwa mafuriko, mwana kwa mwana, nyoka kwa nyoka. Kinachobaki nje, sikio, kelele za watoto, ndo kilikua roho ya stori.

Kuna mzee wa Ukerewe alilijua hili kabla yetu, Aniceti Kitereza, amezaliwa 1896 amefariki 1981. Mtu wa kanisa kabisa, kalelewa na mapadri. Kaandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe akamaliza 1945, akaja akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, imechapwa 1980, miaka 35 kaisubiri. Sio hadithi ya mambo ya ajabu, ni maisha ya watu wa kisiwani, ndoa, mtoto hapatikani, wanaenda kwa waganga. Na yeye muumini yule haweki pembeni mahubiri ya kukwambia hawa walikua gizani. Anawaacha wahusika wake waamini wanachoamini mpaka mwisho wa sentensi. Nilivyoisoma nilijiambia huyu anamuamini Mungu kiasi kwamba haogopi kuwasikiliza watu.

Sasa narudi kwenye yangu. Wasomaji wa upande wa kwanza, sichagui. Mzee anasema binti alichota usiku kwa sababu ukoo wake ndo wanalinda visima na wanataka watu waogope kuchota. Mama muuza chumvi anasema mnyama kwa sababu wanae wawili waliondoka na maji, na kilichomezwa kinaweza kutapikwa. Watoto wanasema hayajawahi kuwepo kwa sababu wamechoka kuambiwa kila siku walichokosa. Mkinitaka nichague moja mnanitaka niwaambie nani kati yao anyamaze. Ila nakubali kosa langu moja, episodi ya 9 niliandika ile stori ya mnyama kwa sauti ya mwandishi badala ya sauti ya huyo mama, ndo mana mkaona najichanganya. Hiyo nairekebisha usiku huu.

Na mtumishi wa #2, kuna kitu nimekikumbuka nikiwa nafunga duka. Yohana 18, Petro anamkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu, na Yohana anatupa mpaka jina lake, Malko. Luka 22 Yesu analigusa analiponya. Injili zote nne zimetaja hilo sikio, usiku ule wenye mambo makubwa namna ile, na kuponywa anakutaja Luka peke yake. Kumbe hata kwetu sikio lipo. Nilikua nalitafuta kwa bibi tu.

#8

Mtumishi hapa nimerudi. Hilo la Malko limenigusa, nimelisoma tena kwa Kiswahili cha zamani na cha sasa. Bado sipendi kijana wako lakini nimeacha kuogopa. Swali langu ni moja. Kwa bibi yako sikio liliponywa au halikuponywa?

#9 MLETA UZI

Mtumishi, wapo wanaosimulia kwamba Masala Kulangwa alitafuta dawa akamtibu yule kikongwe, na watu wakambeba juu juu wakamfanya mtemi. Nimeisikia hivyo pia na ni nzuri.

Bibi yangu hakufika huko. Kila alipofika kwenye sikio alikua anasema usiku umeenda, lalaneni. Nikadhani ni usingizi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba yeye mwenyewe alikua hasikii vizuri upande wa kushoto, tangu ujana wake, na hatukuwahi kumuuliza ilikuaje. Tulikua tunahamia tu upande wa kulia tukitaka kuongea nae.

Nimeamua episodi ya 12 isimuliwe na kikongwe. Yupo nje ya tumbo, watu wanashangilia, kijana anakuja amepiga magoti ana majani ya dawa mkononi, na anaongea, na bibi hamsikii kwa sababu kasimama upande mbaya. Nimefika hapo. Sijui bado kama atageuza kichwa. Umeme usipokatika naiweka Jumamosi, na yule msomaji aliyetoka kwenye grupu kama unapita huku, nitakutumia na wewe.